Sauti Ilishuka Katikati ya Sentensi

Baba mkubwa alikuwa anaeleza jinsi mashine ya kufuma inavyosimama uzi unapokatika. Alieleza kwa sauti yake ya siku zote, ile ambayo mtu wa chumba cha pili huisikia hata kama hataki. Mtaalamu wa usikivu, dada mmoja mtulivu, alikuwa amemaliza kumvalisha vifaa vyote viwili vya kusaidia kusikia, kimoja kila sikio, na macho yake yalikuwa kwenye kompyuta. Hakumkatiza. Alibonyeza tu, vifaa vikawaka, na baba mkubwa akiwa bado anaongea, sauti yake ikashuka.

Hakuna aliyemwambia ashushe. Ilishuka kati ya "uzi" na "unakatika".

Akanyamaza. Akatutazama mmoja mmoja.

"Nani huyo anayeongea?"

"Ni wewe, baba," nikamjibu.

"Mimi?" Akalirudia lile neno taratibu, kidole kikiwa kooni. "Mimi."

Tangu siku hiyo jambo hili halijaniacha. Nilimsindikiza nikitarajia kumwona akianza kutusikia sisi. Hilo lilikuja, lakini lilikuja la pili. Sauti ya kwanza kuisikia ilikuwa yake mwenyewe, na papo hapo koo likafuata. Mzee wa miaka mingi, ambaye ndugu, jamaa na majirani wote wamewahi kumwomba apunguze sauti, aliipunguza bila kuombwa, mara tu sikio lilipompa habari.

Nikaanza kusoma, kuuliza, na kuwasikiliza watu kwa namna ambayo sikuwa nayo kabla.

Ukumbi wa mashine

Baba mkubwa alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo tangu ujana mpaka alipostaafu. Katika ukumbi wa mashine za kufuma kelele hupita desibeli 90 kwa urahisi, na wataalamu wa afya kazini huanza kuhofia masikio kuanzia desibeli 85 kwa saa nane za kazi. Ndani ya kelele ile watu hupayuka, husomana midomo, huonyeshana kwa mikono. Zamu ikiisha wanatoka nje, na kwa muda bado wanapayukiana, kwa sababu masikio hayajatulia.

Hakuna anayewafundisha kupayuka. Mwaka 1911 daktari wa masikio wa Ufaransa, Étienne Lombard, aliandika kuhusu jambo hili. Mpe mtu kitu asome kwa sauti, kisha mwekee kelele masikioni: sauti yake itapanda. Zima kelele: itashuka. Msomaji mwenyewe hana habari. Lombard akaona papo hapo matumizi yake, kwamba angeweza kumtambua mtu anayejifanya kiziwi. Mwenye kusikia akiwekewa kelele hupaza, hata kama ameapa kwamba hasikii chochote. Kiziwi wa kweli huendelea kusoma vile vile.

Maneno ya mtu yanasema hasikii, sauti yake inasema anasikia. Inayoaminiwa ni sauti.

Nyumbani tulikuwa na maelezo mengine kabisa. Baba mkubwa amekuwa mkali, ndivyo ilivyosemwa. Ni uzee. Ni kukaa bila kazi. Watoto walikuwa wakiitwa wanakuja wakitetemeka, kumbe anataka maji ya kunywa tu. Wapo waliopunguza kumtembelea. Yeye naye alishangaa kwa nini kila anayemjibu anamjibu kwa woga.

Ndani ya kichwa chake alikuwa anaongea kwa upole.

Hicho ndicho kinachoniuma. Upole wake ulikuwepo muda wote, na sisi tulikuwa tunapokea kitu kingine.

Njia mbili za kujisikia

Kila aliyewahi kusikiliza ujumbe wa sauti aliourekodi mwenyewe anaijua ile karaha: hivi kweli ndivyo ninavyosikika? Sauti ni nyembamba, ngeni, kama ya ndugu yako usiyempenda sana. Wengine wote wanasema ndiyo yako hiyo hiyo.

Wanasema kweli. Sauti yako hukufikia kwa njia mbili. Moja hutoka mdomoni, hupita hewani, na kuingia kwenye tundu la sikio, kama inavyowafikia watu wengine. Nyingine haitoki nje kabisa: nyuzi za sauti zinapotikisika, mtikisiko hupanda kwenye mifupa ya fuvu hadi kwenye koklea, kile kiungo cha sikio la ndani kilichojiviringa. Mfupa hupitisha vizuri sauti nzito, kwa hiyo unajisikia mzito kuliko ulivyo kwa wengine. Kinasa sauti hakina fuvu lako, kinachukua ya hewani tu. Georg von Békésy, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kazi yake juu ya koklea, alilichunguza suala hili pia, na akaonyesha kwamba njia hizi mbili zina nguvu zinazokaribiana.

Kwa hiyo hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuisikia sauti unayoijua wewe kuwa ni yako.

Yule dada wa usikivu ndiye aliyenifungua macho kuhusu maana ya njia hizi mbili kwa mgonjwa. Alisema mara nyingi anamsikiliza mtu akisalimia tu mlangoni na tayari ana dhana. Kama kilichoharibika ni sikio la nje au la kati, yaani nta imeziba, ngoma ya sikio imetoboka, au vile vifupa vidogo vimekakamaa, sauti za watu hazimfikii vizuri, lakini ya kwake inapita kwenye mfupa bila kizuizi. Anaisikia mno sauti yake mwenyewe. Basi huongea chini, wakati mwingine chini mno. Kilichoharibika kikiwa ni sikio la ndani, njia zote mbili zinaishia pale pale penye uharibifu. Hajisikii kwa hewa wala kwa mfupa. Huyo hupayuka.

Baba mkubwa ni wa pili. Kila koklea ina seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo vinavyopokea mtikisiko, na kelele za miaka mingi huziua. Kwa binadamu seli hizo zikishakufa hazioti tena. Kwenye chati yake mstari ulikwenda vizuri kwenye sauti nzito, kisha ukatumbukia kwenye sauti nyembamba, eneo la hezi 4,000. Dada akasema kwamba mara nyingi hapo ndipo kelele za mashine huanza kula.

Jambo moja dogo. Siku za kwanza alilalamika kwamba anajisikia kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Tukadhani kifaa ni kibovu. Kumbe kipande kinachoziba tundu la sikio huifungia ndani ile sauti nzito ya mfupa ambayo kwa kawaida hutoka nje. Akabadilishiwa kipande, akapewa chenye matundu, na pipa likaondoka.

Sauti inapochelewa

Umewahi kupiga simu ya intaneti, ukaanza kusikia maneno yako mwenyewe yakikurudia kidogo baada ya kuyasema? Unaanza sentensi vizuri, ghafla ulimi unakuwa mzito. Unarudia silabi. Unavuta irabu. Mwishowe unasema, "Ngoja nikate nipige tena."

Mtafiti Bernard Lee aliliandika jambo hili mwaka 1950. Sauti ya mtu ikimrudia masikioni ikiwa imechelewa kwa takriban sehemu ya tano ya sekunde, msemaji hodari huanza kukwamakwama kama mwenye kigugumizi. Kujua mchezo wenyewe hakukuokoi. Unaweza kuelezwa kila kitu kabla, na bado ukakwama.

Mwaka 1998 watafiti John Houde na Michael Jordan walifanya jambo la ndani zaidi. Watu walinong'ona maneno huku wakijisikia kwenye spika za masikioni, na kompyuta ikawa inazibadilisha irabu zao njiani, kidogo kidogo. Walichokitamka na walichokisikia vikaanza kuachana. Midomo yao ikaanza kujirekebisha kuelekea upande wa pili ili kufidia. Kisha masikio yakazibwa kwa kelele wasijisikie kabisa, na yale marekebisho yakabaki.

Hiyo sehemu ya mwisho tuishike, maana nitaihitaji.

Kwa kawaida hatujisikilizi hivi. Tunapoongea, ubongo hupunguza mwitikio wake kwa sauti yetu wenyewe, na hata misuli midogo ndani ya sikio la kati hujikaza sauti inapokaribia kutoka. Ubongo umeshatabiri kitakachosikika. Kikija kama kilivyotabiriwa, unakipitisha kimya kimya. Kikija tofauti, unashtuka. Ndiyo maana usimamizi huu wote hatuujui mpaka siku unapovurugika.

Kabla ya neno la kwanza

Mtoto huanza kusikia akiwa bado tumboni, miezi kadhaa kabla ya kuzaliwa. Anthony DeCasper na William Fifer walionyesha mwaka 1980 kwamba watoto wa siku chache tu hubadilisha namna wanavyonyonya chuchu bandia ili wasikie sauti ya mama yao badala ya ya mwanamke mwingine. Mwaka 2009 watafiti waliorekodi vilio vya vichanga wa Kifaransa na wa Kijerumani waliona vilio vya Wafaransa vikielekea kupanda na vya Wajerumani vikielekea kushuka, kila kimoja kikifuata mkondo wa lugha iliyosikika tumboni.

Wanalia kwa lugha ya mama, kabla hawajajua kwamba wana koo.

Kisha huja ule wakati wa "bababa" na "mamama". Watoto wanaosikia huufikia ndani ya mwaka wa kwanza, kwa kawaida kabla ya miezi 10. Kimbrough Oller na Rebecca Eilers waliandika mwaka 1988 kwamba watoto viziwi huufikia kwa kuchelewa sana. Koo lao ni zima. Ulimi ni mzima. Kinachokosekana ni kuzisikia silabi, za watu na za kwao wenyewe.

Na kuna ndege mmoja wa Marekani, shorewanda mwenye mistari myeupe kichwani, ambaye mtafiti Masakazu Konishi alimchunguza. Kifaranga dume husikiliza wimbo wa wakubwa zake miezi mingi kabla ya kuanza kuimba. Mwaka 1965 Konishi aliandika kwamba ukimwondolea kusikia baada ya kuusikia wimbo lakini kabla ya kuanza kuuimba, hautoi kamwe. Kuusikia kwa wengine hakutoshi. Lazima ajisikie akiukosea, aukaribie, aukosee tena. Lakini ndege aliyekwisha kuumudu wimbo, akipoteza kusikia, huendelea kuuimba.

Jaribio hilo la kuwatia ndege uziwi linanisumbua moyo, sifichi. Lakini lile la mwisho, la ndege aliyeendelea kuimba, ndilo lililonitia shaka.

Shaka

Maana hapo hoja yangu ilianza kuyumba. Nilikuwa nimeshajijengea picha safi: sauti ni mali ya sikio, sikio likifa sauti inakufa. Sasa mbona baba mkubwa hakupoteza maneno?

Mtu mzima anayepoteza kusikia kabisa huweza kuendelea kuongea kwa ufasaha miaka mingi. Watu wanamwelewa. Anatamka "s" ambayo hajaisikia kwa muda mrefu. Kinachoharibika mapema ni ukubwa wa sauti, na kupanda na kushuka kwake. Baadaye "s" na "sh" huanza kukaribiana. Maneno yenyewe yanakaa.

Alfred Tomatis, daktari wa masikio, pua na koo wa Ufaransa ambaye baba yake alikuwa mwimbaji wa opera, alishikilia tangu miaka ya 1950 kwamba sauti haiwezi kuwa na kitu ambacho sikio halikisikii. Aliwatibu waimbaji waliopoteza ubora wa sauti na akasema ugonjwa uko masikioni. Nilipoisoma kauli hiyo niliipenda mno, kwa sababu ilikuwa inasema kile nilichokiona kwa macho yangu. Lakini ni pana kupita kiasi. Ingekuwa kweli yote, kila aliyepoteza sauti nyembamba za "s" na "f" angeziacha kuzitamka mwezi ule ule. Na zile tiba zilizojengwa juu ya kauli hiyo, zinazodai kurekebisha mambo mengi kwa kusikiliza muziki uliochujwa, hazina ushahidi wenye nguvu wa kuzitetea.

Nilizunguka hapo muda mrefu. Kilichonitoa ni lile jaribio la 1998: masikio yamezibwa, marekebisho yakabaki.

Sikio lina kazi mbili, na nilikuwa nazichanganya. Kazi ya kwanza ni kufundisha. Ulimi ukae wapi, midomo ifunguke kiasi gani, ili "m" iwe "m". Funzo hilo linaingia mwilini. Ulimi wenyewe unajua meno yalipo. "M" ya leo ni "m" ya jana, chumbani au uwanjani. Inawezekana kuikumbuka.

Ukubwa wa sauti haukumbukiki.

Kila chumba ni kipya. Watu wawili au ishirini, feni inazunguka au imezimwa, mvua inapiga bati au imekata, anayekusikiliza yuko karibu au ng'ambo ya ukumbi. Hakuna kiwango ambacho mtu angejifunza utotoni akakitumia maisha yote. Lazima kipimwe upya kila sekunde, na anayepima ni sikio peke yake. Ndiyo maana baba mkubwa alibaki na kila neno lake, na mafumbo yake yote, lakini akapoteza kile kinachowaambia watu kama neno limetoka kwa upendo au kwa hasira.

Nadhani hapo ndipo ugonjwa huu unapokuwa mkatili. Unamwachia mtu lugha yake na kumwondolea adabu ya sauti yake, na watu wanaona adabu tu.

Lazima pia niseme jambo kuhusu wale ambao sikio halikupata muda wa kuwafundisha. Helen Keller, mwandishi wa Marekani, alizaliwa mwaka 1880 na alipoteza kuona na kusikia akiwa na umri wa miezi 19. Mwaka 1890 alianza kufundishwa kuongea na Sarah Fuller, kwa kuweka mkono kwenye uso wa mwalimu ili ahisi midomo, ulimi na mtikisiko wa koo. Alijifunza. Alihutubia watu miaka mingi, huku msaidizi wake akiyarudia maneno yake ili hadhira iyashike. Na uzeeni alisema kwamba kilichomhuzunisha kuliko upofu na uziwi ni kushindwa kuongea kama watu wengine. Vidole vilimpa mengi ambayo sikio lingempa, ila si yote.

Lakini hilo lisitufanye tuone sauti kuwa ndiyo lugha. Laura-Ann Petitto na Paula Marentette waliandika mwaka 1991 kwamba watoto viziwi wanaolelewa kwa lugha ya alama hufanya ile "bababa" yao kwa mikono, kwa mpangilio wa silabi na katika umri ule ule. Kwao wa kufundisha ni jicho na wa kusema ni mkono, na hawajapungukiwa lugha hata kidogo.

Wanaoongea chini

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2021 kwamba zaidi ya watu bilioni 1.5 wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani. Nikiisoma namba hiyo sasa siwafikirii wanaopayuka. Hao hugunduliwa. Watu wanakereka, wanawalalamikia, hatimaye mmoja anawapeleka kupimwa, kama tulivyofanya sisi.

Nawafikiria wale wa kundi la kwanza alilonieleza yule dada, ambao sikio la kati limeharibika na sauti yao inawarudia kwa nguvu kupitia mfupa. Wanaongea chini, na hakuna anayekereka. Kuna ugonjwa ambao hukikamata kifupa kidogo kuliko vyote mwilini, cha takriban milimita 3, kikashikwa na mfupa mpya na kuacha kutikisika. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na mara nyingi huanza katika umri wa ujana au wa makamo, wala si uzeeni. Tangu mwaka 1956, daktari John Shea alipofanikiwa kukiondoa kifupa hicho na kuweka cha bandia, upasuaji wake umekuwa jambo la kawaida. Lakini kwanza lazima mtu ashuku kwamba kuna ugonjwa.

Mama mdogo wangu huongea chini sana. Hakuwa hivyo tulipokuwa watoto. Mwaka hadi mwaka sauti yake imekuwa ikipungua, na kila mtu kwenye ukoo anamsifu kwa upole na heshima. Mikutano ya familia anakaa pembeni, anatabasamu, anaitikia kwa kichwa. Juzi nilimuuliza swali nikiwa nyuma yake, hakugeuka.

Nimemwombea nafasi ya kupimwa. Kipimo cha kwanza hakihitaji kompyuta: ni uma wa chuma unaogongwa ukalia, kipimo kilichoelezwa na Adolf Rinne tangu mwaka 1855. Huwekwa kwanza kwenye mfupa nyuma ya sikio, kisha huhamishiwa mbele ya tundu. Mwenye sikio la kati zima huusikia kwa muda mrefu zaidi ukiwa mbele ya tundu. Yeye akiusikia zaidi ukiwa kwenye mfupa, tutakuwa tumejua angalau sehemu ya ule upole ilikotoka.